Siku Baba Alipoicheka Sinema ya Magari

Mjukuu wangu Salumu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Kisarawe tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na mihogo imestawi.

Umeniuliza mtu akichekwa afanye nini. Sijui vizuri, ila nitakusimulia nilichokiona kwa baba yangu.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa dereva wa lori. Siku moja likampindukia matopeni kule Visiga. Hakuumia, lakini watu walimcheka, akaacha kazi, akawa hatoki hata barazani.

Kisha likaja gari la sinema kuonyesha picha usiku uwanjani, nami nikambembeleza anipeleke. Kumbe ilikuwa sinema ya mashindano ya magari! Dereva mmoja mnene, magurudumu yalichomoka, gari likamtupa bwawani. Akaibuka, akavaa kofia yake iliyojaa maji, akaendelea na mashindano kwa miguu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilibana mdomo, naogopa kumtazama baba.

Mara nikasikia sauti yake. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi. Akamgeukia jirani yetu, aliyejizuia kucheka kwa kumwonea haya, akamwambia, "Mimi sikuwa na kofia, bwana. Matope yaliniingia masikioni!"

Wakacheka wote wawili. Kesho yake baba alirudi kwa tajiri wake. Alipewa kazi ya utingo kwanza, akakubali, na baadaye akarudishiwa usukani. Siku niliyoolewa, yeye ndiye aliyenipeleka Mlandizi kwa babu yako, anaimba njia nzima.

Nakuombea dua kila swala.

Bibi yako,
Mwanahawa