Chagua wako saba

Bénie, uko wapi? Jibu! Niko na hasira sana.

Ule papa wa biro ya kartiye, ofisi ya mtaa wetu, alifika kwetu asubuhi kuhesabu watu. Hata kuingia hakuingia! Alisimama barabarani, akaangalia bati la nyumba, akaandika saba.

Saba!

Mama Asumini akatoka jikoni na unga kwa mikono. "Papa, unahesabu mabati ao watu? Hapa tuko kumi na kenda."

Unatujua wote: sisi wanane, tantine Ramla, ndugu ya mama, na watoto wake watano, tangu volkano iunguze nyumba yao Buhene, na ile jamaa ya Rutshuru, watu watano wenye walikimbia waasi.

Ule mutu akacheka. Alicheka, Bénie! Ati huku kwetu Murara kila nyumba ni watu saba, ndiyo moyenne, hesabu ya wastani, wakubwa walishapanga.

Mama hakupiga kelele, na ndiyo ilinitisha. Akatuita wote. Muzee wa Rutshuru, mwenye hawezi kusimama, tulimubeba na kiti chake. Tukapanga mustari mbele ya ule mutu.

"Basi papa, chagua wako saba. Kisha uniambie wale wengine niwatupe wapi."

Akaangalia viatu vyake. Akafunga kitabu, akaenda kwa jirani.

Na kitabu kinasema saba!

Sasa mama anapakua bugali. Kila mwenye ananyoosha sahani, anamuuliza kwa hasira: "Wewe uko mu wale saba?"

Muzee wa Rutshuru amerudisha sahani yake tupu, hajapakuliwa kitu.