Nadhiri Nisiyoiweka Inamkausha Mama Mwenye Nyumba Wangu

Mama Wubalem, mimi ni msomaji wa safu yako, pokea salamu zangu kutoka Dessie, na unisamehe nikikosa hata kukuuliza hali, maana tangu Pasaka nimepigwa na butwaa na akili yangu haijakaa sawa hadi leo. Nimemponza mtu anayenipenda kama mwanawe, nimemponza bila kujua, na sasa najua na bado naendelea kumponza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari hapa mjini, jina langu Revathi, kwetu ni Kumbakonam, kusini mwa India, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutia mdomoni nyama, wala samaki, wala yai, si kwa umaskini wala kwa ugonjwa bali ndivyo tulivyo, kama ninyi msivyokula nguruwe, na nilipopata kazi ya huku mama yangu alilia akisema, "Utakufa njaa, Revathi, watu wale wanakula ng'ombe mbichi!" Lakini sikufa njaa, nilinenepa, kwa sababu nilipanga chumba kwa mjane mmoja anayeitwa Tiruwork, mtaa mzima unamwita Etete kwa heshima ya umri wake, na siku ya kwanza kabisa nilipoisukuma sahani ya nyama pembeni hakuniuliza kwa nini. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo zito, na kesho yake akanipikia shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, pamoja na kabichi, na ikawa hivyo siku zote, naye akila kile kile ninachokula mimi, nikadhani ni meno ya uzee au bei ya nyama, nikawaandikia nyumbani kwamba hakuna watu wenye adabu kama wa huku, hawana ulizauliza.

Kumbe, Mama Wubalem. Kumbe!

Mwaka huu katikati ya Kwaresima dada yangu Malathi, aliyekaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto akisimangwa na wakwe, alijifungua binti, na nilipopigiwa simu nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika uani, nikamkumbatia Etete, nikapika peremende za ufuta bila maziwa kwa kuwa wenyeji walikuwa wamefunga, nikazigawa nyumba kwa nyumba. Etete aliinua mikono juu akasema, "Bikira amesikia! Nilijua tu atasikia!" nami nikadhani ananifurahia kama mama yeyote angefurahi.

Ikaja Pasaka. Etete alichinjisha kondoo mnene, akaalika watu, akaja wifi yake Zenebech mwenye mdomo mkali, akaja Aba Tekle, padre anayewaungamisha watu wa nyumba ile, akaja pia Neima, jirani wa Etete wa ukuta kwa ukuta tangu ujana wao, ambaye ni Mwislamu na hali nyama iliyochinjwa na Wakristo, kwa hiyo aliwekewa shiro yake pembeni kama kila mwaka akala akicheka na wenzake. Etete akakata injera, ule mkate mwembamba laini, akafunga ndani yake kipande cha nyama chenye mafuta, akanijia mimi wa kwanza kabla ya padre, tonge mkononi.

"Fungua mdomo, mwanangu. Umejinyima vya kutosha."

"Etete, mimi sili nyama, unajua."

"Najua. Lakini ulichoomba umepata, mtoto wa dada yako huyo kaja. Nadhiri imekwisha. Fungua mdomo, tonge haliachwi hewani!"

"Mwalimu anaona haya," Zenebech akadakia, "mshikeni pua mdomo utafunguka wenyewe!"

Nadhiri! Ndiyo mara ya kwanza nasikia neno hilo likitajwa juu yangu, na hapo hapo, mbele ya macho yote yale, nikaelewa kwamba kwa muda wote huu watu hawa waliamini nimeacha nyama kwa kumwahidi Bikira Maria jambo. Nikafumba mdomo, nikatikisa kichwa, machozi yakanitoka, na mkono wa Etete ukabaki hapo mbele ya pua yangu ukinidondoshea mafuta kifuani.

"Kumbe si mtoto wa dada peke yake?" akaninong'oneza. "Kuna jingine uliloomba?"

Na mimi, mwoga mkubwa, nikasema, "Bado, Etete."

"Basi kama wewe bado, na mimi bado," akasema, akamlisha Zenebech lile tonge, akaisogeza sinia ya nyama mbali, akaenda kuketi kwa Neima na kuchovya injera katika shiro yake.

"Karibu, Tiruwork!" Neima akamtania. "Leo umesilimu kwa shiro!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao nikidhani nimeponea chupuchupu.

Zenebech hakucheka. Alinishika mkono akanivuta hadi jikoni.

"Unacheka? Unajua wifi yangu alikula nyama mara ya mwisho lini?"

"Sijui."

"Siku uliyohamia nyumba hii! Alisema binti wa watu yuko peke yake ugenini na kabeba nadhiri nzito, akamwahidi Bikira atakusaidia kuibeba mpaka ujibiwe. Daktari kamwambia damu imepungua, ale nyama, ale maini. Anamjibu nini? 'Tukimaliza na mwalimu.' Na siku ile alipoanguka kwenye ngazi, ulidhani aliteleza? Omba upesi hicho unachoomba, dada, utatuzikisha mtu!"

Mama Wubalem, nimeshangaa mpaka nimechoka kushangaa, naamka asubuhi nashangaa upya, mwanamke anayependa nyama kuliko kitu chochote, kila mtu amekuja kunieleza sasa, ameacha kuila kwa ajili ya maombi ambayo mimi sikuyaomba, na uso wake umepauka na akipanda kilima cha kanisani anasimama mara kwa mara kutafuta pumzi, na mimi nilikuwa nayaona hayo yote nikasema ni uzee.

Na hili ndilo linalonitia aibu: sijamwambia. Wiki zimepita. Juzi niliingia jikoni peke yangu nikachukua ukanda wa nyama iliyokaushwa, nikajiambia nimeze kipande kimoja tu, nadhiri ionekane imekwisha, Etete ale, apone, nami nitajua la kufanya na nafsi yangu, lakini uliponigusa midomo nilitapika hadi nyongo. Wakati mwingine nawaza nihame. Wakati mwingine nawaza kwamba mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, ninyamaze tu niondoke, nikishaondoka atakula. Maana nikimwambia hakukuwa na nadhiri yoyote, nitakuwa nimemwambia amejikausha bure, na hilo litamuua kabla ya huo upungufu wa damu. Tena hataelewa, hapa mtu mzima asipokula nyama ama amefunga ama anaumwa, jinsi tulivyo sisi kwetu haijulikani kabisa. Nile au nisile? Niambie, mama, sijui nishike lipi.

Revathi, Dessie

*

Mwalimu Revathi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nimekwisha soma hapa gazetini barua za waume wenye nyumba mbili na za mabibi harusi waliobadili nia mlangoni mwa kanisa, lakini nadhiri isiyokuwepo inayofungwa na mtu asiyeiweka, hii sijawahi. Pole sana. Natanguliza pole kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitakumbuka tena.

Kosa la kwanza si lako, ni letu. Sisi hatumuulizi mtu nadhiri yake. Tukimwona ameacha nyama tunatikisa kichwa tunanyamaza, mengine ni kati yake na Mungu. Etete alifanya kama alivyolelewa, akakosea kwa mapenzi, na wewe ukala dengu zako kwa amani. Hapo sina kesi na wewe. Hata ile "bado" ya mezani naisamehe, ulikuwa umebanwa na hukujua inamgharimu nani.

Kesi yangu inaanzia jikoni, pale Zenebech alipokueleza kila kitu kwa Kiamhara kisichohitaji mkalimani. Tangu saa ile unaketi naye kila siku, unamtazama anavyomeza shiro na uso uliopauka, halafu unakwenda chumbani kuniandikia mimi niliyeko Addis Ababa na nisiyekujua hata sura. Yeye yuko upande wa pili wa ukuta, bibi! Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na hilo wazo la kusubiri mwezi wa saba uondoke kimya kimya, nakuomba ulione haya. Ukiondoka bila kusema ataendelea kujinyima kwa ajili yako hata ukiwa India, kwa kuwa aliahidi mpaka ujibiwe, na aliyeahidi ni mwanamke wa Wollo, mkoa wenu huo wa watu wasiovunja ahadi.

Usile. Umenisikia? Tonge moja la uongo haliongezi damu ya mtu. Utakuwa umeivunja desturi ya ukoo wako na umemdanganya tena aliyekulisha, na Jumapili ijayo atakuchinjia kondoo wa pili kwa furaha. Hapo utaniandikia barua gani?

Na usijifariji kwamba kwenu watu wanazeeka vizuri bila nyama. Wanazeeka, ndiyo, wana maziwa yao na mtindi wao kila siku. Etete kwa ajili yako ameacha nyama, na kwa ajili ya kanisa anaacha maziwa na siagi kila Jumatano, kila Ijumaa, na Kwaresima nzima. Nadhiri ni moja, mmegawana: wewe ukabaki na maziwa, yeye akabaki na njaa.

Sasa unaniambia hataelewa. Isome barua yako mwenyewe, mwalimu! Nani aliketi kwenye karamu ile na sahani yake pembeni? Neima. Wamekaa ukuta kwa ukuta na Etete tangu ujana wao, hawajawahi kula nyama ya chungu kimoja, na Etete hajampenda pungufu kwa hilo. Uko Dessie, mji ambao Mkristo akioza binti yake anamwita mchinjaji wa Kiislamu na kuweka vyungu vya pembeni ili majirani nao wale harusi. Mtu aliyeishi hivyo maisha yake yote ndiye unayeogopa kumwambia "sisi kwetu hatuli"? Ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Asichokijua ni kwamba wewe nawe ni Neima, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kukasirika atakasirika. Huenda akakununia, huenda akalia, na Zenebech atakutukana na ana haki. Vumilia. Ila usithubutu kumwambia amejinyima bure. Mimi si padre, sijui maombi ya mtu yanafika wapi. Lakini ukimwambia kwamba wakati anajinyima kulikuwa na mwanamke aliyelia miaka minane, na sasa ananyonyesha, hutakuwa umesema uongo wowote.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa Aba Tekle. Nadhiri yako haikuwepo, lakini ya Etete ni ya kweli, aliitamka kwa kinywa chake, na hataivunja kwa neno lako wala la daktari. Anayeweza kumfungua ni baba yake wa kiroho. Mweleze ukweli wote, uje naye nyumbani wakati wa kahawa, na umwite Neima akae karibu, maana Etete akianza kusema hajapata kusikia jambo kama hilo, Neima atamcheka. Useme kwa kifupi. Wewe ni mwalimu wa hesabu, nenda kwenye jibu. Na usiniambie unatafuta siku nzuri, tuko katika siku hamsini za baada ya Pasaka, hata Jumatano na Ijumaa hatufungi, kila siku ni siku ya nyama.

Mwambie Zenebech apike, anapika kwa hasira lakini anapika vizuri. Na sasa sikiliza lile utakalonichukia. Tonge la kwanza utamlisha wewe. Mdomo wako hauwezi, nimekubali, lakini si mdomo wako ninaoutaka. Utaichukua nyama kwa vidole vyako, utaifunga kwenye injera, utamwambia, "Etete, fungua mdomo." Ukitetemeka, tetemeka tu, maji na sabuni vipo. Amekulisha wewe muda wote huu kitu ambacho yeye hakukitaka. Kisha wiki hiyo hiyo umpeleke hospitali wewe mwenyewe, umshike mkono kwenye ngazi.

Ukiniandikia tena, usinieleze wewe umekula nini. Nieleze yeye amekula nini.

Mama Wubalem