Unga wa Mama Chupa

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba hamjambo na magoti yako yamepunguza kuuma. Sisi wazima. Mkweo anawasalimu. Wiki hii anafunga nyaya kwenye jengo jipya, anashinda juu ya ngazi, akirudi hana la kusema mpaka ashibe.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani baba huipokea kwa spika, na haya si ya kusikiwa na baba wala na jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Mama, jana mama mdogo alinipigia kunipa pole. Nikamuuliza pole ya nini, akasema pole ya kizazi kukauka. Nilikuwa namalizia kochi la mteja, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Nusura niimeze ile misumari. Habari hizo nilikuwa nimekupa wewe peke yako.

Narudia, ili ukisimulia tena usimulie sawasawa. Nilichomwa sindano za uzazi wa mpango miaka minne, kwa kukubaliana na mume wangu, mpaka karakana yangu isimame. Mwezi wa sita mwaka jana nikaacha, kwa sababu sasa tunataka mtoto. Tangu hapo siku zangu hazijarudi. Muuguzi amesema sindano ile hukawia kutoka mwilini, wengine huchukua mwaka na zaidi, nisubiri. Basi. Sijakauka, sijalogwa.

Nina miaka thelathini na sita, na huko kusubiri kunanichosha mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo nakuomba usinitumie dawa, usinitafutie mtaalamu, na usiniombee kwa sauti mbele za watu.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo. Magoti ni yaleyale. Mimi nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika. Unaniandikia kama unalalamikia idara ya maji.

Sikutangaza. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Chupa, yule wa kikundi chetu cha wanawake anayeuza unga wa mizizi kwenye chupa za jemu. Kama Mama Chupa alimwambia mama yako mdogo, kamuulize Mama Chupa.

Na huyo muuguzi wako hana neno lingine zaidi ya subiri? Nimepikia shule ya bweni mpaka nimestaafu, na sijawahi kumwambia mtoto mwenye njaa asubiri bila kumwonyesha sufuria.

Ndani ya mfuko huu kuna chupa. Najua ulichosema. Hii si dawa, ni unga. Kijiko kidogo kila asubuhi kwa wiki tatu, kisha unapumzika wiki moja, na katika wiki hiyo siku zako zinakuja. Usiruke hata siku moja, Mama Chupa amesisitiza hilo. Binti wa mwenyekiti wetu aliunywa, zikaja bila kusukumwa. Usimwonyeshe muuguzi.

Baba yako anauliza tangu lini mtu na mama yake wanaandikiana kama wachumba. Nimemwambia ashughulike na redio yake.

Mama yako


28 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama, na baba kikohozi kimemwachia. Huku hatujambo.

Chupa yako niliiweka nyuma ya mabunda ya sponji nikiwa na nia ya kuitupa. Kisha jioni moja mkweo akarudi na kiti cha mtoto alichookota kwenye takataka za lile jengo, mguu mmoja umevunjika. Akaniuliza kama kinatengenezeka. Nikasema kinatengenezeka, nikaenda bafuni nikalia huku nimefungulia bomba. Kesho yake nikachukua kijiko.

Sasa usijivune, maana najua unavyojivuna. Siku zangu zimerudi. Mwezi wa tatu zimekuja, na mwezi huu zimekuja tena, siku ileile ya wiki, Alhamisi. Mkweo amekitengeneza kile kiti na kukipaka rangi. Nimemzuia kukiingiza ndani.

Nisamehe kwa ile barua ya kwanza. Kama unga upo, nitumie mwingine.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sote wazima.

Sijivuni. Nimesema tu kwenye kikundi kwamba kuna watu walibishana na mama yao na leo wanaomba chupa ya pili. Sikutaja jina. Watu wameelewa wenyewe.

Nakutumia chupa tatu. Mama Chupa sasa hana hata nafasi ya kukaa, wanawake sita wa kikundi wanakunywa, mmoja kwa ajili ya mgongo. Maana kumbe unga huu hautibu kizazi tu, unalainisha viungo. Mimi mwenyewe nimeanza, kwa ajili ya magoti. Mpango ni uleule, wiki tatu na wiki.

Mwambie mkwe wangu akiingize kiti.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za magoti. Sisi hatujambo, nasema hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyotaka.

Nimechoka, mama. Kila mwezi ni uleule. Naanza chupa, wiki ya kwanza nasikia kichefuchefu, matiti yanauma, nanunua kipimo, naficha kipimo. Halafu napumzika, na Alhamisi hiyo hapo, haikosi. Fundi wangu mmoja karakanani amekwishajua wiki ya kutonikaribia. Mkweo amekwenda kupimwa bila hata kuambiwa, ameonekana hana kasoro. Mimi nami siku zangu zinakuja kwa wakati kuliko mshahara. Sasa nini kinachokosekana?

Na tafadhali usinijibu kwamba niongeze kijiko.

Mwanao


11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu, na barua hii ukishaisoma ichane.

Nimeingia mwezini.

Usicheke. Nina miaka sitini na moja. Mambo haya niliyamaliza zamani, nikagawa vitambaa vyangu vyote, nikashukuru. Jumapili nimesimama jikoni nakoroga, nikahisi kitu. Nikafikiri ni maji ya sufuria. Sasa niko kama msichana wa darasa la sita, naogopa kukaa kwenye kochi la baba yako. Na tumbo linauma vilevile kama zamani, hata hilo halijasahau njia.

Na si mara ya kwanza. Mwezi uliopita pia palikuwa na matone, nikajifanya sijaona.

Nimekwenda kwa Mama Chupa. Amepiga vigelegele, eti unga umenirudishia ujana. Nikamwambia mimi niliomba magoti. Magoti, mwanangu, yanauma kama kawaida.

Usimwambie mtu yeyote. Hata mume wako.

Mama yako


15 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Usipite kwa Mama Chupa, usipite popote. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu anapimwa, hata kama anajua imetoka wapi. Waambie kila ulichokunywa.

Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipomaliza nikabaki nimesimama palepale. Wiki tatu unakunywa, wiki moja unapumzika, usiruke hata siku. Mama, kabla ya sindano nilikuwa nameza vidonge vya kuzuia mimba. Ndivyo vinavyomezwa. Wiki tatu, halafu wiki ya kupumzika, na damu inakuja kwa sababu umeacha kumeza, si kwa sababu mwili umeamka. Na kichefuchefu kilekile, na matiti yaleyale. Nilikuwa na haya yote mbele ya macho yangu tangu mwezi wa tatu. Mizizi gani inajua kalenda?

Nimebeba chupa nikaenda kwa muuguzi, yule niliyeambiwa nisimwonyeshe. Hawezi kuipima pale, lakini aliponiuliza ninavyokunywa akaweka kalamu chini. Amesema niache leo.

Miezi saba nimetafuta mtoto huku nikizuia mimba kila asubuhi, kwa kijiko, kwa mkono wa mama yangu. Na wewe umesimama kwenye kikundi ukajisifu. Nakupenda, lakini leo sitaki hata kuona mwandiko wako. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Majibu ya hospitali mpe baba anipigie.

Mwanao


23 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Sisi tu wazima.

Baba alinipigia ile siku. Alisema, kwa spika, "Mama yako ameniagiza nikuambie wamempima na yuko salama. Salama ya nini amekataa kuniambia." Jirani nyuma yake akasema asante Mungu. Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka.

Nilidhani utaandika. Kila mfuko ulipofika karakanani niliutazama. Nilikukataza, najua, lakini tangu lini wewe ukakatazika?

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa navisha kochi la mteja, kitambaa rangi ya maziwa, yule mteja anayekuja kila siku kukagua mishono. Nimelikalia ili nivute kona. Nilipoinuka, mama, doa. Katikati kabisa. Kitambaa kizima kibovu, kazi ya siku mbili, na mteja yuko njiani.

Haikuwa Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Sikuwa nimemeza kitu, wala sijachomwa kitu, na hakuna aliyenipa ratiba. Imekuja yenyewe.

Nikakaa tena palepale kwenye doa, maana kitambaa kimekwisha haribika, nikalia. Fundi wangu akanipa pole, akidhani ni kwa ajili ya kitambaa. Mteja naye akaja, nikamwambia mfereji ulipasuka, akaanza kufoka, nami namtazama natabasamu kama mwendawazimu. Mkweo nilimwambia jioni. Amefurahi, lakini akauliza, "Kwa hiyo bado hakuna mimba?" Nikaona hajaelewa. Sikumlaumu. Nilitafuta mtu wa kumweleza kwamba nimeona damu na nimefurahi, nikakuta ni wewe tu.

Bado nina hasira nawe. Niandikie.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo, mimi sijambo, magoti hayajambo kuliko sisi.

Niliandika. Ziko nne kwenye droo. Ulisema nisitume mpaka utume wewe, nikaona angalau mara moja nifanye ulichoniambia.

Nilimfuata Mama Chupa siku niliyotoka hospitali. Nilimkuta uani kwake na kinu, anatwanga. Si mizizi, mwanangu. Vidonge, amevibandua kwenye karatasi zake, rundo. Hakuona hata haya. Akaniambia, "Wanawake wanakuja wanalia wanataka kuona damu. Mimi nawaonyesha damu. Nimekosa nini?" Na mimi ndiye niliyekupelekea chupa nne za huyo mtu, kwa nauli yangu, nikiamini nakuokoa. Usiku silali nikikumbuka. Nisamehe.

Kwenye kikundi walikuwepo wale sita, na yule binti wa mwenyekiti aliyeolewa mwaka jana anayetafuta mtoto kama wewe. Ningemwita kila mmoja pembeni wasingeniamini, wangesema nina ugomvi na Mama Chupa. Basi nikasimama mbele ya wote nikasema, "Mimi, mwenye miaka sitini na moja, nimeingia mwezini." Mmoja akacheka, yule anayekunywa kwa ajili ya mgongo, halafu akaacha kucheka ghafla. Nimeeleza yangu yote, mpaka kochi la baba yako. Sasa nikipita sokoni wananiita Kigoli. Waache waite, angalau wameacha kunywa.

Barua yako nimeisoma jikoni, mlango nimeufunga. Baba yako amebisha hodi kuuliza ninalia nini, nikamwambia vitunguu. Mama mdogo wako amekuja jana, amekaa mpaka jioni, ameuliza habari zako mara tatu. Mwenyekiti ameuliza pia.

Sijamwambia mtu.

Mama yako