Kidole cha Kerubo Ndani ya Chungu

Ijumaa, Ogembo. Mvua ya asubuhi imekatika saa tano, na barabara yote imegeuka tope. Nimekaa na daftari hili huku masikio yakinivuma, na nafurahi yanavuma.

Mashine imesaga leo.

Naandika tena nipate kuamini: mashine ya kusaga ya marehemu mume wangu, iliyonyamaza tangu petroli yote ianze kwenda jeshini, leo imesaga wimbi. Barua ya serikali niliyoletewa na karani ilisema wazi kwamba mwezi ukiisha bila mashine kunguruma, kibali chake atapewa mtu mwingine. Salim, mwanangu wa pekee, yuko vitani. Aliniachia kitu kimoja tu nimtunzie, na ni hiyo mashine ya baba yake.

Wazo lilikuwa la Ouma, fundi wetu. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari kule upande wa ziwa, akaona injini ikienda kwa spiriti. Huku miwa haba, akasema, lakini viazi vitamu na mihogo imejaa. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kitageuza wanga kuwa sukari, na chachu itageuza sukari kuwa spiriti. Chifu akaruhusu kwa masharti mawili: tupike mchana, na mlango uwe wazi.

Basi mimi, ambaye baba yangu hakutaka hata harufu ya pombe ipite uani kwake, nikafunga kanga kiunoni nikaanza kupika. Chachu ninayo, ile ninayoumulia maandazi. Kimea cha wimbi nilinunua sokoni. Nikachemsha viazi, nikaviponda, na uji ukiwa bado unatokota nikamwaga kimea chote ndani. Nilijiona hodari kweli.

Siku tano, hakuna kitu. Uji ulibaki mzito kama gundi, halafu ukaanza kunuka. Nikarudia kwa mihogo, ikawa vilevile, yote ikaishia kwa ng'ombe wa jirani. Nilimlaumu Ouma, nikalaumu mihogo, nikamlaumu hata yule mama wa watu aliyeniuzia kimea. Mimi mwenyewe sikujigusa.

Jirani yangu Kerubo alikuwa akiyaona yote kutoka uani kwake. Ujanani alisifika kutoka hapa hadi Nyacheki kwa kupika busaa. Kisha akabatizwa, akaapa mbele ya kanisa lake, wale wanaosali Jumamosi, kwamba hatagusa tena chungu cha pombe. Miaka yote hiyo hajagusa. Ndiyo maana sikumwuliza.

Hapana, niseme kweli. Kilichonizuia zaidi ni kiburi. Mimi ndiye niliyemfundisha kupika pilau, sasa ningeanzia wapi kumwomba anifundishe?

Jumatatu alishindwa kuvumilia. Alikuja akasimama nje ya kizingiti, mikono nyuma, akachungulia.

"Yaya!" akapaza sauti kwa lugha yake. "Hapana, Mama Salim! Hiyo kimea unaiua. Kimea haitaki moto. Ngoja uji ipoe kidogo, weka kidole. Ikiuma lakini haichomi, hapo ndio unaweka."

Nilicheka kwa aibu. Mimi ninayejua siku zote kwamba chachu haivumilii moto, sikufikiria hata mara moja kwamba kimea nacho kinaweza kuungua.

Nikachovya kidole, nikamwuliza kama joto limefika. "Mimi nitajuaje? Kidole ni yako," akajibu. Nikachovya tena. Hivyo vilikuwa viazi vya mwisho na mwezi ulikuwa ukingoni. Nikamwambia sijui, naogopa, na hiki chungu kikiharibika Salim atarudi akute mashine ni ya watu.

Akatazama barabarani. Kisha akavuka kizingiti, akakunja mkono wa gauni, akatia kidole chake chunguni.

Akangoja. Akatia tena. "Sasa. Weka."

Baada ya saa moja hivi uji ulikuwa umelegea kama maji, na mtamu. Ulipofika vuguvugu la maziwa nikatia chachu, na safari hii ikafanya kazi, povu likapanda hadi mdomoni. Jana Ouma aliuchemsha na kuupitisha mvuke kwenye bomba la shaba, akarudia mara tatu, mpaka spiriti ikawaka buluu kwenye kijiko. Leo amepanua kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, akaamsha injini kwa petroli ya mwisho iliyobaki kwenye chupa, kisha akafungulia spiriti. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Nilisoma kila dua ninayoijua.

Ikashika.

Nililia mbele za watu, kanga mdomoni. Karani aliyeleta ile barua alisikia mngurumo, akaja kuchungulia, akaandika kwenye kitabu chake na kuniambia kibali ni changu. Wa kwanza kusagiwa alikuwa Kerubo, na nani angebisha?

Alipokuwa akifunga unga wake ndipo akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kesho atasimama kanisani aseme mwenyewe alichofanya, kabla hajasemewa. Huenda wakamweka kando kwa miezi. Nikamwuliza kwa nini basi aliingia. "Salim ni mtoto yetu," akasema, akajitwika unga wake akaenda.

Alhamdulillahi kwa mashine. Alhamdulillahi kwa Ouma. Lakini Kerubo nitamshukuruje?

Sijawahi kukaribia mlango wa kanisa maishani mwangu. Kesho nitavaa buibui langu safi, nitembee naye kwenye tope hili, na nitasimama nje ya kizingiti, mikono nyuma. Nikiona amesimama peke yake na maneno yamemwishia, nitavuka.