Faili Nililoligonga Muhuri

Kwako dada,

Mguu umepona, na lile shati ulilonishonea limenikaa vizuri.

Jana fundi wa maabara ya chuo chetu alimpiga mkuu wa idara. Fundi huyo amewaelekeza wanafunzi miaka kumi na mmoja, na wahadhiri humkimbilia yeye mashine zikigoma. Aliomba uhadhiri, ila shahada hana. Ofisini kwetu faili lisilo na shahada hugongwa muhuri wa "Hana sifa" bila kusomwa.

Aliingia na spana. "Nani kaligonga faili langu?"

Mkuu akacheka. "Fundi, nenda kakaze nati zako. Uhadhiri una wenyewe."

Spana ikatua tayani mwake. Meno mawili yakaangukia karatasi zangu. Akampiga tena na tena, akirudia swali lile lile, nami nimejikunyata chini ya meza.

Dada, niliyegonga ni mimi. Mkuu hakuwahi hata kuliona. Nililisoma lote, nikajua anawazidi wahadhiri wetu, kisha nikagonga kwa kuogopa kukiuka utaratibu.

Mkuu amefariki asubuhi hii. Polisi wameniuliza nani aligonga muhuri. Nimewaambia ni marehemu.

Mama usimsomee.

Mdogo wako