Msangu wa Chumba cha Pili

Iringa, 14 Julai 2024

Bibi yangu mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu bila kusikilizana. Barua nitampa kondakta wa basi.

Bibi, nimepata kazi ya likizo! Wanachuo watatu tumechukuliwa kutembeza wageni kwenye makumbusho ya vita vya Wahehe. Kuna mikuki, ngao na bunduki za Wajerumani. Msimamizi wetu, Mama Lea, anasema naeleza vizuri.

Shida ni chumba cha pili. Kinahusu vita vya Wahehe na Wasangu, na humo sisi Wasangu ndio maadui. Jana mgeni aliniuliza, "Binti, wewe kabila gani?" Nikasema natoka Mbeya. "Aa, Mnyakyusa!" Sikumsahihisha, nikampeleka chumba cha tatu.

Mjukuu wako,
Nusrat

Ubaruku, 21 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Waalaikum salaam, na marahaba. Magoti ni yale yale, nashukuru Mungu. Tumemaliza kuvuna, mashine za kukoboa zinanguruma toka alfajiri.

Toka lini umekuwa Mnyakyusa? Wazee wetu walipigana na Wahehe, wakachukua ng'ombe, wakachukuliwa ng'ombe. Hapo hakuna aibu. Aibu ni kuwasimulia watu habari zao huku umejificha. Kama unaogopa, rudi tupepete mpunga.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Bibi yako,
Mwanahawa

Iringa, 6 Agosti 2024

Bibi yangu,

Assalaam alaikum, shikamoo tena. Hujambo lakini? Nimekujibu mara mbili, kondakta anarudi mikono mitupu. Umeninunia?

Jumamosi wanakuja wazee wa Kihehe kutoka Kilolo, basi zima. Wanazijua hizi habari kuliko mimi. Nikisema mimi Msangu, nani atanisikiliza? Niache nipite hiyo Jumamosi kwanza, halafu nitasema. Usinigombeze.

Mjukuu wako,
Nusrat

Ubaruku, 9 Septemba 2024

Mjukuu wangu Nusrat,

Waalaikum salaam, marahaba. U mzima? Mimi mzima, na moyo mweupe.

Sasa nikwambie. Jumamosi ile ya wazee wa Kilolo nilikuja Iringa kukugombeza. Ndiyo maana sikuandika, nikapanda basi, nikajibanza nyuma ya wale wazee. Uliponiona chumba cha pili, nikajua utakiruka uwapeleke cha tatu. Ukasema, "Wazee wangu, mimi ni Msangu. Na yule mama mwenye baibui pale nyuma ni bibi yangu." Mzee mmoja akapaza sauti, "Jamani, fungeni mazizi!" Nacheka mpaka leo.

Ila la baadaye hulijui, ulikuwa na wageni wengine. Mzee yule yule, anaitwa Filemoni, alinifuata uani. Safari hii hakutania. Akaniambia bibi yake mzaa baba alitoka Usangu. Alitekwa vitani akiwa msichana, akazaa Uhehe, akafia huko huko. Nyumbani kwake jambo hilo halitajwi, hata wanawe yeye hawajui. Akasema, "Mjukuu wako amesimama mbele yetu akasema. Mimi mzee mzima sijathubutu." Nikamjibu, "Basi karibu Ubaruku."

Juzi kaja, na wanawe wawili. Chai ilimshinda. Akaomba aone mashamba tu, nikampeleka. Majaruba ya mpunga yamekauka, mabua matupu, hakuna cha kutazama. Akavua viatu, akaingia katikati, akasimama. Binti yake, Faustina, akauliza, "Baba, kwani hapa kuna nini?"

Akamwambia, "Hapa ni kwetu. Kaeni niwaeleze."

Wakakaa kwenye tuta. Mimi nikawaacha, nikaenda kuinjika wali.

Bibi yako,
Mwanahawa