Kifumbu Changu na Motokaa ya Babu Yako

Mjukuu wangu Salim,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi huku Malindi hatujambo, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Waandika kwamba gari lako kuukuu lawaka, laenda kidogo, kisha lazimika, na fundi ataka kubadilisha injini. Mwambie asiiguse.

Motokaa ya tajiri aliyoiendesha babu yako, zama za motokaa za mwanzo, ilifanya vivyo hivyo njia ya Kilifi, ikarudi ikivutwa na punda. Watu wakasema ni jini, wakaifukiza ubani. Mimi jikoni nikakamua nazi kwa kifumbu changu cha kuchujia tui, na tui lote likanuka petroli.

Nikamtokea babu yako na kifumbu mkononi. “Hiki umekifanyia nini?”

“Nimechujia petroli tu, mke wangu. Madebe yana taka.”

Tu! Kifumbu kimechakaa, nyuzi zachomoka, na yeye achujia petroli. Alipofungua mrija wa petroli na kuupuliza, nyuzi zangu zilitoka humo, na motokaa ikaenda.

Basi anza na mrija, na uulize petroli yako imepita wapi. Jini aliombwa radhi kwa ubani. Mimi mwenye kifumbu, mpaka babu yako aingia kaburini, Mungu amrehemu, sikuombwa.

Bibi yako